Hesabu ya Mtamba Aliyekufa

Ndugu wafugaji, hili nimelisema Hai, nimelisema Muheza, na leo nalirudia hapa: chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe na kuenezwa na kupe, inaonekana ghali kwa sababu mnaihesabu peke yake.

Mama mmoja alinifungulia daftari lake. Pumba imo, mashudu yamo, hata kamba imo. Mtamba wake, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, alikuwa amekufa kwa ndigana kali akiwa na miezi minane, tezi za chini ya masikio zimevimba, na hasara aliyoandika ni bei ya sindano za mwisho tu. Nikamuuliza: mama, na maziwa uliyomkuzia? Miezi miwili ya kwanza alikunywa lita 2 asubuhi, 2 jioni. Hizo ni lita 240 ambazo ungeziuza. Akaandika. Kibarua wa kukata majani, akaandika. Dawa ya minyoo, nauli ya daktari wa mifugo, akaandika. Na lita ambazo mtamba yule angeanza kutoa baada ya mwaka na nusu hivi? Hapo akaweka kalamu chini. Bei ya chanjo haikufikia hata maziwa ya mwezi mmoja aliyonyweshwa ndama yule.

Mtaniambia, “Wangu yuko bandani, hatoki.” Majani umeyakata wapi? Kando ya njia wanayopita ng'ombe wa kuchungwa! Kupe umembeba mwenyewe, kichwani, ndani ya mzigo.

“Mimi naogesha kwa dawa ya kupe.” Ogesha, usiache, maana chanjo hii haizuii magonjwa mengine ya kupe, kama ndigana baridi na ule wa kukojoa damu. Lakini kuogesha ni gharama ya kila wiki, maisha yote ya ng'ombe. Chanjo ni sindano mbili, siku moja, basi.

Kinachotukwamisha ni kingine. Chanjo hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikishayeyushwa, itumike ndani ya saa chache, na dozi zake ni za ng'ombe wengi kwa mkupuo. Hakuna mtaalamu atakayeifungua kwa ndama wako mmoja. Jamani, msinipigie simu mmoja mmoja! Jikusanyeni kwanza, mtaa mzima.

Ugonjwa wa kiwele nilitaka kuugusa, muda umekwisha. Leo jioni kamulia michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi, uangalie mabonge, ndiyo dalili yake. Daftari la kujiandikisha kwa chanjo liko kwa katibu, pale mlangoni. Andika idadi ya ndama wako na umri wao, kisha wa jirani yako.