Kura ya Posta Pennsylvania: Msiisahau Bahasha ya Ndani

Ndugu zangu, wazee wetu na akina mama mliofika, habari ya uraia na kujiandikisha tumekwisha kuizungumza, nami sitairudia. Nakumbusha tu kwamba mwenye kadi ya ukaazi ambaye hajaapishwa kuwa raia asiombe karatasi ya kura, hata akiletewa fomu mlangoni, kwa sababu anaweza kujiharibia ombi lake la uraia.

Leo nataka tuzungumze juu ya bahasha. Tangu sheria ya 2019, mpiga kura yeyote wa Pennsylvania anaweza kuomba kura ya posta bila kutoa sababu. Kinachofika nyumbani ni karatasi ya kura, bahasha ndogo na bahasha kubwa. Ukishajaza viduara kwa wino mweusi au wa bluu, karatasi inaingia kwenye ile ndogo, unaifunga, na huandiki chochote juu yake: si jina, si namba ya simu, si dua. Kisha ile ndogo inaingia kwenye kubwa, na ni hiyo kubwa unayoitia saini na tarehe ya siku unayosaini, mwezi ukitangulia siku kama wanavyoandika hapa. Tafadhali, msiandike tarehe ya kuzaliwa.

Najua kuna atakayeuliza: karani akifungua bahasha kubwa na kuikuta karatasi peke yake, si anaona kwamba kura ni yangu? Anaona, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu anaona pia umemchagua nani. Sisi tuliokulia kwenye foleni, kidole kikichovywa wino na karatasi ikikunjwa na kutumbukizwa sandukuni, tunaijua thamani ya siri hiyo, na wapo kati yetu waliokimbia makwao kwa sababu ilivunjwa. Bahasha ndogo ndiyo sanduku lenu. Mnamo Septemba 2020, Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliamua kwamba kura isiyo na bahasha hiyo haihesabiwi. Inaniuma sana kwamba mama aliyesubiri uraia miaka mingi apoteze sauti yake kwa kuwa bahasha ilibaki juu ya meza ya jikoni.

Siri hiyo inahusu nyumbani pia. Baba hawezi kujaza karatasi za mke na watoto wake wakubwa eti kwa kuwa yeye ndiye anayesoma Kiingereza. Asiyeweza kusoma ana haki ya kusaidiwa na mtu amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi, lakini uamuzi unabaki wake. Na kila mtu arudishe kura yake mwenyewe. Mume asibebe ya mkewe, isipokuwa kwa mlemavu aliyemteua mtu kwa maandishi.

Kuhusu muda, ombi la kura ya posta lazima liifikie ofisi ya uchaguzi ya kaunti kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumanne ya wiki moja kabla ya uchaguzi. Kura yenyewe ifike ofisi hiyo kabla ya saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Nimesema ifike. Msiniambie kwamba mwaka 2020 muhuri wa posta ulitosha, kwani zile siku tatu za nyongeza za kupokea kura zilikuwa za uchaguzi ule tu. Aliyechelewa asiamini posta, bali aende kaunti mwenyewe, na akiwahi kabla ya siku ya mwisho ya maombi anaweza kuomba, kujaza na kurudisha palepale.

Atakayebadili nia na kutaka kupiga kura kituoni aje na karatasi na bahasha zake zote, vinginevyo atapewa kura ya muda, ambayo itasubiri uhakiki.

Wenye fomu za maombi wabaki tuzijaze sasa, kila mmoja akiwa na namba ya leseni yake ya udereva au tarakimu nne za mwisho za namba yake ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii.