Susan Geiger na Historia Iliyoanzia Kwenye Ngoma

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wetu,

Nimeombwa nizungumzie maisha na kazi ya Susan Geiger, Mmarekani aliyefundisha masomo ya wanawake kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Minnesota na ambaye alifariki mwaka 2001. Nimeipokea heshima hii kwa moyo mkunjufu, kwani nina deni kwake: ni maandishi yake yaliyonifanya nianze kuwauliza kina bibi maswali ya siasa ambayo siku zote nilikuwa nikiwapelekea wazee wa kiume.

Geiger alikuwa mwenyeji kwetu. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa utafiti kuhusu siasa za Wachaga wakati wa utawala wa Waingereza. Alipokuwa Minnesota alijiunga na wanawake waliokuwa wakiijenga taaluma changa, iliyokuwa bado inalazimika kueleza kwa nini iwepo. Mwaka 1984 alirudi Dar es Salaam na kuketi na Bibi Titi Mohamed.

Tukumbuke Bibi Titi alikuwa katika hali gani wakati huo. Alikuwa amewahi kuongoza UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanzania, amekuwa mbunge, kisha akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971 na kuachiwa mwaka uliofuata. Jina lake lilikuwa limefifia katika masimulizi ya uhuru, na masimulizi hayo yalikuwa na mpangilio wake uliozoeleka: wasomi wachache wa shule za misheni walilipata wazo la taifa, wakawafikishia wananchi, na wanawake wakaja nyuma wakipiga vigelegele.

Geiger aliupindua mpangilio huo. Alianzia mwaka 1955, pale John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea Dar es Salaam na kuwauliza viongozi wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, walipo wanawake wao. Bibi Titi, mwenye kadi namba 16 ya chama, ndiye aliyetafutwa. Yeye hakuwa msomi. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwezi Oktoba mwaka huo Oscar Kambona, katibu mkuu wa TANU, aliandika kwamba, katika muda wa miezi mitatu, zaidi ya wanawake 5,000 walikuwa wamejiunga.

Iliwezekanaje? Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake wa mjini, kilikuwa na mwenyekiti, mshika hazina, ada, sare za kanga, na utaratibu wa kuchangiana arusi na misiba. Mzaramo, Mmanyema, Myao na Mnyamwezi walisimama katika safu moja, wakiimba kwa Kiswahili. Aliyemshawishi kiongozi wa kikundi alikuwa amekipata kikundi kizima, pamoja na mazoea yake ya kutoa michango na ya kupeleka habari kutoka ua hadi ua. Zaidi ya hayo, watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa, lakini muuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumfukuza kazi.

Kwa hiyo Geiger alisema jambo zito, ambalo mimi naliamini kabisa: wanawake hawa hawakufundishwa utaifa na TANU, bali waliuleta ndani ya TANU, kwa kuwa walikuwa wameshaanza kuishi pamoja nje ya mipaka ya kabila. Kitabu chake kuhusu wanawake wa TANU, kilichotoka mwaka 1997, kinawafuata wanaharakati hao Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza, na kinayapa nafasi kubwa maelezo ya Bibi Titi mwenyewe.

Alikuwa pia mkali juu ya njia za utafiti. Katika makala yake ya mwaka 1986 kuhusu historia za maisha ya wanawake, na nyingine ya mwaka 1990, alionya kwamba kukusanya maneno ya wanawake peke yake hakutoshi kuifanya kazi iwe ya ukombozi. Mtafiti aulizwe anakusanya kwa lengo gani, na nani atakayefaidika. Wanafunzi wangu wanaokwenda uwandani na vinasa sauti, nawaomba mlibebe onyo hilo kabla ya kubeba betri.

Nami nina lalamiko langu, ambalo nalisema kwa heshima. Bibi Titi alizungumza Kiswahili, tena Kiswahili cha mji huu, lakini ulimwengu unamsoma kwa Kiingereza. Muhula uliopita niliwagawia wanafunzi kurasa chache wazirudishe katika lugha yake. Mmoja aliandika sentensi nzuri, zilizonyooka kama za gazeti. Mwenzake, mzaliwa wa Kariakoo, alizisikiliza zikisomwa, akatikisa kichwa, akasema kwamba bibi yake asingeongea hivyo hata akiwa mbele ya gavana. Tulizibadilisha mara tatu. Neno moja, “umoja”, ndilo lililobaki pale pale tangu mwanzo. Kurasa hizo ninazo hapa, na baada ya maswali tutazisoma kwa sauti.