Kitenzi miseō: kuchukia katika Kigiriki cha Agano Jipya

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wenzangu wa darasa, habari za asubuhi. Fungueni Luka 14:26. Mtu akimjia Yesu naye hamchukii baba yake, mama yake, mke, watoto, ndugu, hata nafsi yake, hawezi kuwa mwanafunzi wake. Wahubiri wengi huuruka mstari huu kama dimbwi la barabarani.

Kitenzi chenyewe ni miseō. Shina linaishia na e, na e hiyo ikikutana na irabu ya mwisho huungana nayo: mise-ei inakuwa misei. Ndilo umbo alilotumia Luka, wakati uliopo, nafsi ya tatu umoja.

Je, ni chuki ya kumwombea mzazi mabaya? Rudini Mwanzo 29. Mstari wa 30 unasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Mstari wa 31, kwa Kiebrania, Lea huyohuyo ni mwenye kuchukiwa, na Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, inaandika miseitai, “anachukiwa”. Kumbukumbu la Torati 21:15-17 nayo ina mume wa wake wawili, mmoja apendwa, mwingine achukiwa, na kesi iliyopo ni ya urithi: mzaliwa wa kwanza akiwa wa yule asiyependwa, baba hana ruhusa ya kumnyima fungu lake maradufu. Aliyekulia nyumba ya mitala hahitaji kuelezwa hapa. Chuki inaonekana siku ya kugawa. Mathayo 10:37 analisema jambo hilo kwa njia nyingine: apendaye baba au mama kuliko mimi.

Ila msichukue maana hiyo ya “kupenda kidogo” mkaipaka kila mahali, maana nayo imekuwa maradhi. 1 Yohana 3:15 inasema kila amchukiaye ndugu yake, ho misōn, ni muuaji. Jaribuni kuweka hapo “ampendaye kidogo” muone sentensi inavyoanguka. Kwa Luka kuna wawili wanaogombea nafasi moja. Kwa Yohana ndugu hashindani na yeyote.

Tazameni sasa Yohana 15. Mstari wa 18 ulimwengu “umenichukia”, memisēken, wakati timilifu: chuki ilianza na bado ipo. Me- ya mwanzo ni uradidi, yaani kurudiwa, wa m ya shina. Kufanana na -me- yetu ni bahati tu, lakini kwa mtihani inasaidia. Mstari wa 25, maneno ya Zaburi, ni emisēsan, aoristo: “walinichukia”, tendo limetazamwa kwa ujumla wake. Aoristo haisemi “mara moja tu na milele”, hata kama mmelisikia hilo mimbarani.

Kwa hiyo mtu asiibebeshe emisēsa ya Warumi 9:13, “Esau nilimchukia”, nayo aoristo, mzigo usio wake. Paulo ananukuu Malaki 1, na huko anayezungumziwa pamoja na Esau ni Edomu, taifa zima, na milima yake iliyofanywa ukiwa. Someni Malaki 1:2-5 wakati wa chai. Tukirudi tunaanzia hapo.