Mtu wa Kwanza Alikuwa Mchongaji

Wazee wangu, shikamooni. Na nyie vijana mliobanana kule nyuma mlangoni, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie vinyago na visasili. Naomba nianze na kisasili chenyewe, kubishana kutafuata.

Zamani, kusini kwenye nyanda za juu, upande wa Mahuta, aliishi kiumbe mmoja peke yake. Alikuwa hajawa mtu. Haogi, hanyoi, na kula kwenyewe ni kidogo tu. Siku moja akachonga mti, akaupa umbo la mtu, akaubeba mpaka kwake na kuusimamisha wima. Usiku ule lile umbo likapata uhai: mwanamke. Wakateremka wote wawili hadi mto Ruvuma, wakaoga. Huko mke akajifungua, mtoto akazaliwa mfu. Wakahama, wakavuka nyanda mpaka bonde la Mbwemkuru, na wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda tena juu, Mahuta. Wa tatu akaishi. Hao ndio wazazi wa Wamakonde.

Masimulizi haya yaliandikwa na Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Newala mwaka 1906, kusini ikiwa bado inauguza majeraha ya Maji Maji. Wengine wameyasikia kwa namna tofauti kidogo, na hilo halinisumbui. Kinachonishika ni mpangilio wake. Huyu kiumbe hakuwa mtu kwanza ndipo akajifunza kuchonga. Alichonga kwanza, utu ukaja baadaye, na ulikuja kupitia kile alichokichonga. Kuoga kwenyewe kulianza baada ya kinyago kuamka!

Wayunani nao wana hadithi ya Pygmalion, aliyechonga mwanamke wa pembe za ndovu akampenda, akamwomba mungu wa kike ampe uhai. Watu hupenda kuziweka hadithi hizi mbili pamoja. Mimi naona zinaachana mapema sana. Kwa Wayunani anaombwa mungu, na harusi ikishafungwa mambo yameisha. Kwa Wamakonde haombwi mtu. Umbo linasimamishwa wima, basi. Halafu hadithi, badala ya kuishia kwenye furaha, inaingia msibani mara mbili kabla ya kutulia. Na katika masimulizi hayohayo wazao wao wanaagizwa wasikae mabondeni karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko ndiko maradhi na mauti vinakoishi. Nanyi mnajua mabondeni kuna mbu. Wanaagizwa pia kumzika maiti wima, kwa sababu mama wa kwanza alipata uhai akiwa amesimama.

Sasa tuna ile methali yetu kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali nzuri, nami huitumia. Lakini nadhani aliyeitunga alikuwa mtu wa pwani. Yule wa Mahuta kinyago chake kilimwamkia usiku.

Tuje kwenye kazi ya mikono. Zamani mchongaji wa Kimakonde alikuwa na kazi mbili kubwa. Kulikuwa na sanamu ya mama, na Wamakonde ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mnaelewa uzito wake. Na kulikuwa na mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani wakati wa ngoma za jando, vya mti mwepesi, vingine vimebandikwa nywele halisi za binadamu. Mapiko yalikuwa ya wahenga, lakini Wazungu walipokuja na askari wao, nao wakachongwa, wakachezwa, wakachekwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mila ilikuwa imeganda mpaka watalii walipofika.

Mpingo ulishika nafasi yake pale wachongaji walipovuka Ruvuma kwa wingi kutoka Msumbiji. Kwanza walikuja kukata mkonge, kisha wengine wakaikimbia hali iliyozidi kuchafuka kwao, hasa baada ya watawala wa Kireno kuwaua waandamanaji Mueda mwezi Juni 1960. Wengi wakaishia pembezoni mwa Dar es Salaam, na huku kulikuwa na wanunuzi.

Mmoja wao ni Samaki Likankoa. Simulizi inayorudiwa na wengi ni hii: mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa na sanamu ya mtu wa kawaida, ikavunjika mkono. Mpingo hauna gundi ya kumdanganya mteja. Hakuitupa, aliendelea kuichonga, akatoa hiki na kile, mpaka kikabaki kitu ambacho si mtu. Akampelekea mfanyabiashara wa vinyago wa mjini, Mohamed Peera, naye akakiweka dukani. Kikanunuliwa, na zikaagizwa zaidi. Ndiyo mitindo ya shetani ilivyoanza: jicho moja, sikio lililoning'inia hadi gotini, mdomo uliogeuka mguu.

Kuna wasomi wanaoguna hapa. Wanasema basi hiyo si mila, ni biashara, imeanzishwa kwa ajili ya duka. Sikubaliani nao hata kidogo. Mashetani ya porini yalikuwa yanasimuliwa usiku kabla Peera hajafungua duka. Ila hayakuwa na umbo, na ndiyo maana yalikuwa ya kutisha. Samaki alipewa na ajali ile nafasi ya kuchonga kitu kisicho na kipimo. Sanamu ya mama ina vipimo: kichwa kikizidi, kila mtu anaona umekosea. Shetani akizidi kichwa, amezidi ushetani tu.

Na mpingo wenyewe unasaidia. Chukueni gogo hili hapa mezani, mlipitishe. Zito, sivyo? Ukilitia majini linazama. Ona lilivyopinda, na hapa katikati lina uwazi, mpingo mkubwa mara nyingi huwa hivyo. Hii nyeupe ya nje wengine huimaliza yote kwa tezo, wengine huacha utepe mwembamba ukawa ndio nguo au ulimi. Mchongaji wa shetani hupiga shoka la kwanza akiwa hajui kitatoka nini. Anaufuata ule uwazi, kisha anaingia na patasi, na mwisho tupa na msasa. Kwa hiyo hadithi haikuandaliwa ikatafutiwa mti. Mti ndio umetoa nusu ya hadithi.

Roberto Yakobo Sangwani, naye wa kutoka Msumbiji, alikwenda njia nyingine. Alichonga watu wakipandiana: mshindi wa mieleka amebebwa juu na wenzake. Mtindo ule uliitwa dimoongo. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 kila mtu akaanza kuuita ujamaa, na sasa madukani wanauuza kwa jina la mti wa uhai, jina linalopendwa na wageni. Mieleka imesahaulika. Ukiutazama ujamaa vizuri, utaona hauna mbele. Lazima uzunguke, na kila hatua unakuta mtu mwingine anabeba mtoto, anatwanga, anamkanyaga mwenzake bega ili apande. Picha za vitabuni zinauua kabisa mtindo huu.

Nilimsikia mchongaji mmoja pale Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam, akimweleza mteja kwamba shetani aliye mbele yao ni mlinzi wa visima. Alipokuja mteja mwingine, shetani yuleyule akawa mwizi wa maharage. Nikamuuliza, akacheka, akasema mlinzi wa kisima anaweza kula maharage vilevile. Kuna watakaoita huo uongo wa sokoni. Kwangu ndivyo ngano inavyotambwa: msimulizi anamtazama kwanza msikilizaji wake. George Lilanga, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, na kufariki 2005, alifika mbali zaidi. Mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo yameingia kwenye shughuli za kila siku kama sisi, na rangi kali juu yake.

Linaloniuma ni majina. Mwaka 1989 kazi za John Fundi, Mmakonde wa Msumbiji, zilioneshwa Paris, na jina lake likaandikwa. Samaki tunamjua, Sangwani tunamjua. Lakini nendeni kwenye makumbusho ya Ulaya, kibandiko kinasema "Makonde", mpingo, karne ya 20. Kabila zima limechonga sanamu moja! Na huku kwetu si nafuu: tunapatana bei nusu saa, tunafungiwa kwenye gazeti, tunaondoka bila kuuliza aliyechonga ni nani na alichokichonga kinafanya nini. Mwenye duka pengine naye hajui, alinunua kwa mafungu.

Naona ndugu yangu pale amenyoosha mkono tangu niliposema habari ya wasomi kuguna. Karibu, simama useme.