Meli Moja, Mahali Pawili: Kuzitazama Ncha za Dunia kwa Taarifa za Wazi

Asanteni sana ndugu zangu. Wakubwa wangu, shikamooni. Dakika nilizopewa ni chache, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Hiyo picha ukutani, waliokaa nyuma msihangaike kukodoa macho, hata wa mbele hawaoni kitu cha maana. Ni kijiti tu kimelala ubavuni mwa gati. Gati ni la Utrenny, rasi ya Gydan, kaskazini ya mbali ya Urusi. Kijiti ni meli ya gesi iitwayo Pioneer, na tarehe ni 1 Agosti 2024. Sasa tazameni ramani ya meli ya siku hizohizo. Pioneer haipo Gydan. Inaonekana Bahari ya Barents, mamia ya kilomita kutoka hapo, inaelea kama haina kazi.

Kabla sijasema ipi ni kweli, niseme nilikojifunzia kuisoma ramani hii. Si chuo cha ujasusi. Ni ofisi ya wakala wa forodha, Kurasini, nikifuatilia makontena ya mteja aliyekuwa akinipigia simu kila baada ya saa moja. Waliofanya kazi bandarini wanaujua mtambo wa AIS. Meli za tani 300 na zaidi zinazokwenda nchi za nje lazima ziwe nao, na za abiria zote. Mtambo huo hutangaza kwa redio jina la meli, namba yake, ilipo na mwendo wake. Lakini kumbukeni nani anasema: ni meli yenyewe. Ni sawa na fundi anayekwambia kwa simu yupo kwenye foleni Ubungo, anakaribia, huku unasikia kuku wa kwao wanawika.

Pioneer ilikuwa na sababu ya kudanganya. Novemba 2023 Marekani iliuwekea vikwazo mradi wa Arctic LNG 2, mradi wa Urusi wa gesi iliyogeuzwa kimiminika, na gati hilo ndilo la mradi huo. Atakayepakia au kununua gesi yake anajiweka kwenye hatari ya kufungiwa milango ya biashara ya dola za Marekani. Kwa hiyo meli ikapaza sauti kuwa ipo Barents, huku inajaza matangi Gydan. Walioibaini si majasusi. Ni waandishi wa habari na watu wenye kompyuta za kawaida, waliolinganisha AIS na picha za setilaiti.

Na picha zenyewe si za ajabu. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya zinatoa picha bure, kila doti ni mita 10. Meli ya gesi ya mita 290 inakuwa doti 29, basi. Jina lililoandikwa ubavuni husomi. Unapima urefu, unatazama umbo la sitaha, unauliza ni meli zipi za umbo hilo zilizopotea kwenye ramani wiki hiyo. Halafu unaongeza shahidi mwingine: data za NASA za joto, zile zinazotumika kufuatilia moto wa misitu. Mwenge wa kuchoma gesi ya ziada kiwandani unaonekana humo usiku. Ukiwaka kwa nguvu, kuna kitu kinaendelea kiwandani. Mashahidi watatu wasiojuana wakisema jambo moja, hapo ndipo mimi huanza kuamini. Haikuchukua muda, Marekani ikaitia Pioneer yenyewe kwenye orodha ya vikwazo.

Gesi sasa ilikwenda wapi? Hapa ndipo ushindani wa wakubwa unapoonekana. Kwa takriban mwaka mzima mnunuzi hakupatikana, shehena zikawa zinawekwa kwenye maghala yanayoelea, mojawapo likiitwa Saam, karibu na Murmansk, Urusi. Kisha mwishoni mwa Agosti 2025 meli Arctic Mulan, ikiwa na gesi ya mradi huo, ikatia nanga Beihai, kusini mwa China, siku chache kabla ya Putin kufika Tianjin, hukohuko China. Mimi nausoma ujio ule kama ujumbe wa Beijing kwa Washington. Mwenzangu mmoja anasema hapana, ni Wachina wamepata kitu cha bei chee. Tumebishana sana, na picha haijamsaidia yeyote kati yetu.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo kuhusu ncha za dunia. Setilaiti nyingi za kupiga picha huzunguka kwa kupita karibu na ncha hizo, mzunguko mmoja kwa dakika kama 100. Dar es Salaam husubiri siku kadhaa kupigwa picha na setilaiti ileile. Kule kaskazini inapita kila mara. Giza la miezi linapoingia Sentinel-2 inakuwa kipofu, ndipo tunategemea rada ya Sentinel-1, isiyojali usiku wala mawingu. Kwa sababu ya mzunguko huohuo wa kupita karibu na ncha, kituo cha kupokea data kilichopo Svalbard, visiwa vya Norway, huiona setilaiti ya aina hiyo kila inapozunguka, mara 14 kwa siku.

Na data hizo hutoka Svalbard kwa mikongo miwili tu ya baharini. Januari 2022 mmoja ukaharibika. AIS ilionyesha meli ya uvuvi ya Kirusi ikipita juu ya mkongo huo mara nyingi siku zile. Hapo meli haikudanganya lolote. Polisi wa Norway wakasema inaelekea ni mkono wa binadamu, kisha wakafunga faili kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Maana meli ya uvuvi kukokota nyavu huku na huku ndiyo kazi yake. Mnaokumbuka Mei 2024, mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika na simu zetu zikawa tochi, mnajua jambo hili linavyouma.

Kusini nitapita haraka. Februari 2024 China ilifungua kituo cha Qinling, kando ya Bahari ya Ross, Antaktika. Watafiti wa CSIS, taasisi ya utafiti ya Washington, walikuwa wameshachapisha picha za ujenzi wake Aprili 2023, na kuonya kwamba antena zake zinaweza kusikiliza mawasiliano ya wengine. Zinaweza, ndiyo. Sahani inayopokea data za hali ya hewa na inayonasa mawasiliano, kwa juu zote ni sahani. Ila Wamarekani nao wana kituo cha McMurdo, na ndege za jeshi hutua huko. Mkataba wa Antaktika wa 1959 unaruhusu wanajeshi wakisaidia sayansi. Picha kali, zinazoonyesha hata vitu vidogo, zinauzwa, na anayelipa ndiye anayechagua paa la kupigwa picha. Mkataba huohuo unaruhusu ukaguzi wa vituo, mtu afike na agonge mlango. Hilo setilaiti haiwezi.

Kijana wetu, tuzimie taa hizo za mbele. Nimefungua picha ya rada ya Utrenny ya wiki hii, sijaitazama bado. Tuhesabu pamoja vijiti vilivyopo gatini, kisha tufungue AIS tuone vinasema vipo wapi.