"Uncle" ni Mjomba, Si Ami

Assalaam aleikum wazee wangu. Vijana hamjambo? Nimefundisha Kiingereza hapa Tanga mpaka chaki imeingia kwenye kucha, na leo nimeombwa niseme juu ya majina ya ukoo katika lugha hiyo. Nianze na mtoto mmoja wa darasa la sita, aliyeandika kwenye insha yake: "My small father is very tall." Nikapiga mstari mwekundu, juu yake nikaandika "uncle". Akanifuata mezani na daftari.

"Mwalimu, na mjomba je?"

"Uncle."

"Baba mkubwa?"

"Uncle."

"Mume wa shangazi?"

"Naye uncle."

Akajikuna kichwa. "Kwani Wazungu hawarithiani?"

Nilicheka nikamrudisha kwenye dawati, lakini swali lile sikulisahau. Mtoto alikuwa Mdigo, na kwa Wadigo wa zamani kumjua mjomba ni nani ilikuwa habari ya shamba na minazi: mali ya mtu ilikwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Sheria ya Kiislamu ndiyo iliyompa mtoto wa kumzaa fungu lake, na wapo humu ukumbini wanaojua wana na wapwa walivyovutana.

Sasa sikilizeni. Waingereza wa kale walikuwa na maneno manne kama sisi. Mjomba walimwita "eam", ami "fædera", shangazi "fathu", na dada wa mama "modrige". Wangeshukia Ngamiani, mabibi zetu wangewaelewa jamaa zao bila taabu. Kisha mwaka 1066 Wanormandi wakavuka bahari kutoka Ufaransa, wakaitwaa nchi, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama. Maneno yale manne yakafifia polepole, yakabaki mawili ya kigeni, "uncle" na "aunt".

Na hapa ndipo penye utamu. "Uncle" asili yake ni Kilatini, avunculus, na huyo ni kaka wa mama peke yake. Kaka wa baba, Warumi walimwita patruus. "Aunt" nayo imetokana na amita, yaani dada wa baba. Kwa hiyo ukichimba mpaka kwenye mzizi, "uncle" ni mjomba na "aunt" ni shangazi, barabara kabisa. Ami na mama mdogo wamekaribishwa tu kwenye nyumba za wenyewe.

Je, hawarithiani? Wanarithiana sana! Ila kwa karne nyingi ardhi ya Mwingereza aliyekufa bila wasia ilimwendea mwanawe mkubwa wa kiume, mpaka sheria ya mwaka 1925 ilipoufuta utaratibu huo. Shamba zima likiwa la mtu mmoja, mjomba na ami wana tofauti gani? Hilo ni wazo langu mimi, msinishike nalo.

"Cousin" ni kichekesho kingine. Neno hilo kwa Warumi lilikuwa mtoto wa dada wa mama. Letu, binamu, limetoka kwenye Kiarabu, mtoto wa ami. Wao wamewaingiza wote kwa mlango wa mama, sisi kwa mlango wa baba. Ule msemo wetu wa binamu nyama ya hamu sikuthubutu kuufasiri darasani.

Shemeji ndiye anayewatesa wanafunzi. "Brother-in-law", "sister-in-law": hiyo "law" haina uhusiano na polisi, ni sheria ya kanisa iliyohesabu nani haoani na nani. Dada wa mke alihesabiwa dada yako, hata mke akifa. Uingereza mtu hakuruhusiwa kumwoa dada wa marehemu mkewe mpaka Bunge lilipopitisha sheria mwaka 1907. Huku kwetu unamwita "mke wangu mdogo" mbele ya mkeo, na mkeo anacheka! Wifi naye ni "sister-in-law" hiyo hiyo. Na mwanyumba, mimi na wewe tuliooa mtu na dada yake, hana neno lake peke yake. Useme "my wife's sister's husband", na ukifika mwisho chai imepoa.

Basi mkijaza fomu au mkiandika barua, tajeni upande: "my uncle, my mother's brother". Yapo "maternal uncle" na "paternal uncle", lakini hayo yana harufu ya ofisi ya wakili.

Sasa tazameni maneno haya tunavyoyaleta nyumbani. Anti siku hizi ni msusi, ni mwalimu wa chekechea, ni dada wa kazi. Mwaka juzi nilikuwa harusini Makorora. Mshereheshaji, kijana wa suti, akashika maiki: "Tunawaomba ma-anko wote wa bibi harusi wapite mbele!" Wakainuka wanaume saba. Mjomba wa binti, mzee wa kanzu na bakora, hakujongea. Alikuwa anamega sambusa. Wakamtuma kijana amwite.

"Mimi sijaitwa," akasema, uso haukuinuka.

Ikabidi shangazi mtu ainyakue ile maiki. "Mjomba wa bibi harusi!" Ndipo mzee alipopangusa vidole kimoja kimoja, akaiweka sawa kofia yake, akaenda kusimama mbele ya wale saba.