Baba, leo mzigo nimebeba mwenyewe: mazoezi ya kilomita 154 Uskoti

Shikamooni wakubwa, na nyie wenzangu mambo vipi. Mnausikia huo upepo? Niko juu ya kilima cha Conic Hill, Uskoti, siyo mbali na Glasgow ninapoishi. Kina mita 361 tu, na najua mtu wa Moshi ataniuliza, sasa hicho nacho ni cha kupiga video? Subirini nigeuze kamera.

Haya. Hilo ziwa hapo chini ni Loch Lomond. Viangalieni vile visiwa, vimejipanga mstari mmoja kama shanga, na mstari wenyewe unapanda mpaka hapa niliposimama. Huo ni ufa wa ardhi, ndio unaotenganisha nyanda za chini za Uskoti na milima ya kaskazini. Nyuma yangu ni mashamba na kondoo, na mwezi huu wa nne wanazaa, tumepishana na vitoto njia nzima. Mbele yangu ni milima mitupu. Mungu akipenda, mwisho wa mwezi wa tano tutapita hapa hapa, siku ya pili ya safari.

Safari yenyewe ni West Highland Way. Inaanzia mji mdogo wa Milngavie, wenyeji wanatamka "Malgai", inaishia Fort William, chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza nzima, mita 1,345. Ni kilomita 154. Ilifunguliwa mwaka 1980, na ndiyo njia rasmi ya kwanza ya masafa marefu hapa Uskoti. Tumepanga siku nane, na tuko wanne: mimi, kaka yetu mmoja wa Eldoret, dada wa Bujumbura ambaye ni muuguzi, na jirani yangu Mskoti, mama wa miaka 61, aliyetutoa ndani na kututia kwenye mambo haya.

Sasa niseme kitu sijawahi kukisema hapa. Baba yangu alikuwa mgumu. Watu wa Moshi mnanielewa: alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, njia ya Marangu, vituo vya Mandara, Horombo, Kibo, miaka na miaka. Nimesoma kwa mzigo ule. Na mimi mlima nikauona kama kazi ya kumchosha baba, basi. Asubuhi mawingu yakifunguka, kilele cha Kibo kinaonekana mlangoni kwetu, nami sikuwahi hata siku moja kutamani kwenda. Imebidi nije huku, mita 361, ndipo nimuulize mzee wangu alichokuwa anakijua.

Na anakijua! Nilinunua shanta zuri, nikapakia, mabega yakawaka moto kilomita ya sita. Nikampigia. Akasema, mwanangu, toa vyote, nionyeshe kwenye simu. Hema, chakula na vyote vizito viende karibu na mgongo, usawa wa mabega. Mfuko wa kulalia chini kabisa. Koti la mvua juu, maana mvua haikusubiri upekue. Halafu mkanda wa kiunoni ukaze kwanza kabla ya ile ya mabega, mzigo uukalie mfupa wa nyonga. Nina kilo 12. Yeye alikuwa anabeba hadi 20, na siku nyingine kichwani. Nimebeba kilo 12 nikamlilia, akanifundisha kwa upole kabisa.

Kuna mengine tumejifunza kwa kuumia. Mwezi wa pili tulikwenda Ben Lomond, mita 974. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hiyo Ben Lomond, kilomita 12 kwenda na kurudi, ni kama saa nne. Sisi saa tatu ziliisha na kilele hatujakiona. Kaka yetu ana mbio zake, akatangulia, kavaa jinzi na fulana ya pamba. Theluji ikachanganyika na mvua. Akafika sehemu ya wazi, akasimama kwenye upepo kutungoja.

Tulipomkuta, alikuwa anatetemeka, kamba ya kiatu imemshinda kufunga, na maneno yanamtoka mazito kama ya mlevi. Dada wa Bujumbura alijua palepale: baridi imemzidi mwilini. Tukamvua pamba iliyolowa, tukamvika sweta kavu la sufu na koti la jirani, tukampa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi kidogo kidogo, tukageuza. Hakuna aliyeuliza habari ya kilele. Nawaombeni sana mnaokuja huku na mnaotaka kupanda milima hata huko nyumbani: pamba ikilowa inakunyonya joto, iacheni. Na tangu siku ile, anayetembea taratibu kuliko wote ndiye anakaa mbele. Baba alipoisikia habari hiyo alinyamaza kwanza, kisha akauliza jambo moja tu: "Mlirudi wote wanne?"

Mnaniuliza sana kwenye maoni, hizo ardhi mnazopita ni za nani? Nyingi ni za watu binafsi. Lakini Uskoti ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita kwa miguu na hata kulala na hema sehemu nyingi, mradi usiharibu, ufunge geti na uondoke na taka zako. Mimi hii inanigusa. Kufika kilimani bila kumlipa mtu! Ila kando ya Loch Lomond kuna maeneo ambayo kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Septemba lazima uwe na kibali cha kupiga kambi, sisi tumeshakata vyetu. Na mwisho wa mwezi wa tano usubi wanaanza kutoka, vidudu hivyo ukisimama tu wamekujaa usoni, kwa hiyo neti za kichwa tunazo.

Jirani ananiita, maji ya chai yamechemka, na nina maandazi ya jana nimeyafunga kwenye kitambaa.

Baba, najua utaiangalia hii jioni kwa mama mdogo. Uliniambia nikifika juu nivue viatu, ukague. Ngoja nishushe kamera. Huu wa kulia. Huu wa kushoto. Kisigino, vidole, umeona? Kilomita 17 tangu asubuhi na sina lengelenge hata moja. Soksi mbili kama ulivyosema, nyembamba ndani, ya sufu nje.

Haya, nazivaa tena, tunashuka.